Abiria wa Saa Mbili

Asubuhi hiyo, ikipanda mlima wa Manga, pikipiki ya Ochoki ilikoroma tu. "Madam, leo umekula nini? Iko nzito kama nimebeba watu wawili!"

Drusilla hakucheka. Angechekaje? Tangu Januari amekuwa akiwashauri wasichana wa shule ya bweni ya huko juu, na kila siku anaingiza kwenye kompyuta idadi ya waliopiga mayowe na kuzirai, aone kama ushauri wake unazuia lolote. Mstari wa grafu ukapanda. Wiki aliyolazwa na malaria ukashuka ukalala; aliporudi, huo, juu tena. Matroni Tryphosa alisema ni jini, Mokua, mkubwa wa Drusilla katika utafiti huo, akamcheka. Na leo Linda wa kidato cha pili anafukuzwa, eti ndiye anayewaambukiza wenzake maigizo.

"Matroni, mbona huwa wanaanza saa nane, wakishashiba?" Drusilla aliuliza alipofika shuleni.

"Saa nane ya nani? Kwenye daftari mimi niliandika mbili. Saa mbili, asubuhi, kengele ya darasa!"

Mungu wangu! Mokua aliona mbili, akaisoma Kizungu, ikawa saa nane mchana. Na saa mbili asubuhi ndiyo saa Ochoki humshusha Drusilla getini, mbali na madarasa.

Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako. Drusilla aliingia bwenini, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikaingia naye, ile ile aliyodhani miezi yote kuwa inatoka jikoni, na kila alipopiga hatua akasikia nyuma yake kitu kikivuta pumzi polepole, karibu kabisa na sikio, mpaka akafika kitandani kwa Linda, aliyekuwa amekumbatia sanduku lake huku akitazama juu ya bega la mgeni wake.

"Mwalimu," Linda alinong'ona, "mwambie huyo uliyembeba mgongoni aache kunichekea."

Drusilla alikimbia hadi kwa mwalimu mkuu. "Linda hana kosa! Abaki asome. Mimi ndiye naondoka, na sirudi tena."

Mwalimu mkuu alikubali, shingo upande. Drusilla alilia kwa afueni, akapanda pikipiki.

Kwenye mteremko Ochoki alipiga mluzi. "Eeh, madam! Sasa umekuwa mwepesi."

Drusilla alijipapasa mgongo. Huko juu, Linda alianza kupiga mayowe.