Vifaranga wa Tausi na Huruma ya Kinyozi

Ndugu zangu, leo nina neno kuhusu huruma. Mtaniambia huruma haijawahi kumdhuru mtu, nami sibishani, ila nisikilizeni kwanza niwasimulie yaliyompata kinyozi wa mtaa wetu.

Asubuhi ile ua wake ulikuwa umetulia. Taulo za kazini zilikuwa zinakauka kwenye kamba, na kando ya pipa la maji mtetea mwekundu alikuwa ameatamia mayai ambayo hakuyataga yeye. Yalikuwa mayai manne ya tausi. Tausi jike aliyeyataga aliuawa na mbwa, na dume lake lilikwisha kufa kabla ya hapo. Mke wa kinyozi aliwarithi kwa marehemu mama yake, kwa hiyo mayai yale ndiyo yaliyobaki ya mama. Yakiharibika, basi.

Mkewe alikuwa mlangoni na begi, anakwenda kumuuguza binti yao aliyejifungua.

"Baba, huyu mtetea mpe dawa ya minyoo kabla hajaangua. Ipo juu ya kabati. Na vifaranga wakitoka, wakae kwenye lile banda la waya. Wasikanyage uwanja wa kuku."

"Nimesikia, mke wangu."

"Umesikia, au umeitikia tu?"

"Vyote viwili," alisema, na mkewe akacheka, akamwekea vizuri kola ya shati.

Sasa huyu kinyozi wateja wanamwita Mzee Spiriti. Hana wembe unaogusa vichwa viwili. Kila mashine anaifuta kwa spiriti, kila taulo anaichemsha, na ukimwambia "mimi ni mzima, mzee, nyoa tu," atakuacha umekaa mpaka amalize kufuta. Lakini kinyozi hajinyoi. Usafi wake aliufungia dukani kwa kufuli, jioni akarudi nyumbani bila huo usafi.

Alimtazama mtetea. Undu mwekundu kichwani, macho maangavu, anakula vizuri. Dawa ya nini kwa mzima? Akaiacha juu ya kabati.

Vifaranga walitoka wote wanne, rangi ya majani makavu, miguu mirefu kuliko akili. Aliwaweka pamoja na mtetea kwenye banda la waya, lililoinuliwa juu ya miguu ili kinyesi kidondoke chini. Hapo alitii. Shida ni kwamba mtetea hakutulia. Alikwaruza waya akitafuta udongo, akapata waya. Vifaranga wakalia naye. Kinyozi alikaa juu ya ndoo na kikombe chake cha chai, akiwatazama, na roho ikamuuma.

"Jela hii mmefungwa kwa kosa gani?" aliwauliza, akafungua mlango.

Msimcheke. Wangapi kati yetu tungevumilia kilio kile?

Mtetea aliwapeleka moja kwa moja pale kuku wote wa nyumba wamechakura miaka yote. Akafukua mnyoo wa udongo, akaukata vipande, akawaita wanawe. Kinyozi aliona ulezi wa ajabu, kuku anavyomlisha mtoto asiye wake, hata machozi yakamlengalenga. Akampigia mkewe simu, akaishusha chini asikie milio.

"Mbona kama wako nje?" mkewe aliuliza.

"Wako na mama yao," alijibu, na akaharakisha kuuliza habari za mjukuu.

Siku hazikupita nyingi, kifaranga mmoja akaanza kubaki nyuma. Mabawa yalining'inia, macho yakajifumba mchana kweupe, na kinyesi chake kikawa cha maji, cha njano kama kiini cha yai. Kinyozi akajisemea kesho atakuwa nafuu. Kesho yake wakawa wawili hivyo. Akawapikia nafaka laini, akawatia maji mdomoni kwa kidole, akawapasha joto kifuani mwake chini ya shati. Mmoja akafia humo humo. Simu ikalia.

"Hawajambo wangu?"

"Hawajambo," alisema kinyozi, mkono mwingine ukiwa bado umemshika maiti.

Wa pili alipokufa, ndipo alipokwenda kumwita daktari wa mifugo, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Daktari alimpasua yule kifaranga, akamwonyesha ini lililojaa mabaka ya mviringo.

"Waligusa udongo wa kuku?"

"Waligusa. Lakini kuku wangu ni wazima, daktari. Hata mtetea aliyewalea hana kikohozi."

"Ndiye aliyewapa. Minyoo ya kuku inabeba vijidudu vya ugonjwa huu. Kuku mwenyewe anaweza asionyeshe dalili yoyote. Mayai ya minyoo hukaa ardhini hata miaka, na minyoo ya udongo nayo huyabeba. Kifaranga wa tausi hana nguvu za kuuhimili kama kuku." Akanawa mikono. "Wewe wembe mmoja unanyoa vichwa vingapi?"

"Kimoja."

"Hata kichwa kikiwa kisafi?"

Mara ngapi kinyozi mwenyewe alikuwa amewaambia wateja kwamba choa, ule ugonjwa wa ngozi ya kichwa, hakiandikwi usoni?

Daktari aliwapa dawa wawili waliobaki, akasema hawezi kuahidi. Mtetea naye akapewa yake. Kinyozi aliosha banda la waya, akalianika juani, akawarudisha wawili bila mama, na taa ya kuwapa joto. Kisha akakaa juu ya ile ndoo, na safari hii yeye mwenyewe akampigia mkewe.

"Mke wangu, niliitikia tu," alisema. "Sikusikia." Akamweleza yote, pamoja na uongo wa simu.

Mkewe alikuwa analia.

"Wamebaki wangapi?" aliuliza hatimaye.

"Wawili. Sijui kama watapona."

"Basi lea hao wawili. Nawe umekula leo?"

Alikuwa hajala. Na swali lile lilimliza kuliko matusi yote ambayo angeweza kutukanwa.

Mkewe aliporudi, alielekea bandani hata kabla ya kutua begi. Kinyozi akasimama njiani.

"Viatu, mke wangu. Umepita kwenye uwanja wa kuku. Na mikono, maji haya hapa."

Alivua, akanawa, na kinyozi akamfungulia. Vifaranga wawili walikuja mbio, vishungi vikiwa vimeanza kuchomoza kichwani, kama vya tausi wa mama yake. Aliwapakata wote wawili. Ng'ambo ya uzio mtetea mwekundu alikuwa anaita.

"Kila siku anawaita," kinyozi alisema. "Inaniuma."

"Hata mimi inaniuma. Mlango usiufungue."

Ufunguo wa banda ulikuwa umerudi mfukoni mwa kinyozi. Mkewe aliuona, na hakuuomba.

Funzo la kubeba nyumbani

Ndugu zangu, afya ya mmoja si dhamana ya mwingine. Anayeonekana mzima anaweza kumletea aliye mchanga ugonjwa, awe kuku au mtu. Mwenye vifaranga wa tausi awatenge na kuku na udongo wao, sakafu iwe kavu, vyombo vya maji vioshwe, na mlezi atibiwe minyoo mapema. Ukiona bawa limening'inia, mwite daktari leo, usingoje kesho. Na huruma, jamani, tusiiache. Tuifundishe tu kwamba kuna siku kupenda ni kufunga mlango, ukakaa hapo hapo nje ukisikiliza kilio.