Matanga ya Chupa Moja

Mwizi alikuwa amefunga mlango wa kabati vizuri kabla ya kuondoka. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Alfani kuliko yote, kwa sababu wezi wa Kisangani aliwajua, na hakuna hata mmoja mwenye adabu hiyo.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, na koti lake la abakosi, vazi la watu wa serikali, lilikuwa limeshalowa jasho mgongoni. Katika kabati la kliniki ile ndogo ya meno, skurubu tano za titani kutoka Ubelgiji zilikuwa palepale kwenye kibweta chao. Koleo na patasi zilizolala kando yake hazikuguswa. Kilichopotea ni kichupa kimoja cha kioo, urefu wa kidole.

"Kilikuwa na nini?"

"Mfupa," alisema Daktari Zacharie. "Mfupa uliokaushwa, umesagwa kama chumvi ya mawe. Nimeubeba mwenyewe toka Liège, kule Ubelgiji."

"Wa kufanyia nini?"

Daktari alivuta pumzi. Kila mwaka alirudi nyumbani kwa likizo ya wiki tatu ili atibu watu wa mji wake, na ndege yake iliondoka Jumamosi. Leo ilikuwa Jumatano. Alimweleza inspekta kwamba mtu aking'oka magego ya juu, mfupa uliokuwa unayashika huyeyuka kidogokidogo. Juu yake, nyuma ya shavu, kuna chumba cha hewa. Mfupa ukibaki mwembamba, skurubu haina pa kushika.

"Donc natoboa kidirisha ubavuni mwa taya, nainua utando wa kile chumba, najaza mfupa chini yake. Baada ya miezi sita umeshikana. Hapo naweka skurubu, halafu meno."

Inspekta aligusa kwa ulimi meno yake ya bandia. Yalikuwa na tabia ya kucheza kila alipokasirika, na washukiwa wengi walikuwa wamejifunza kuusikiliza mlio huo.

"Mgonjwa ni nani?"

"Yule mle koridoni. Bila mfupa siwezi kumpasua kesho. Atangoja mwaka mwingine."

Mgonjwa mwenyewe, Odile, alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Lori lilimpindukia kwenye barabara ya Ituri miaka minne nyuma, likachukua meno matano ya juu, upande wa kushoto. Tangu siku ile alifundisha imla huku kiganja kimefunika mdomo, na watoto wakamwiga wakati wa mapumziko. Alikuwa ameketi wima kwenye benchi, kiganja mdomoni, na alimtazama inspekta kama mtu anayesubiri hukumu. Alfani alimwonea huruma, akajikaza asionyeshe.

Alianza na nesi, Germaine.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Kwenye musumari, nyuma ya chombo ya kuchemushia koleo. Asubuhi niliikuta pale pale."

"Nani anajua ile musumari?"

"Docteur, mimi, na Papa Lambert mulinzi. Anafagiaka humu kila siku."

"Kuko kitu ingine ilipotea?"

Germaine alionyesha bunda kwenye rafu. "Shashi. Mutu alikata kipande na makasi."

"Alikata ovyo?"

"Hapana. Alikata muzuri, sawa fundi wa manguo."

Alfani aliinua bunda la shashi dirishani. Ukingo ulikuwa umenyooka kabisa. Mtu anayetaka tu kuficha chupa huifunga kwa chochote kilicho karibu, hata kwa soksi. Miaka miwili nyuma, kule Kasongo, yeye mwenyewe alikuwa ameshika kitambaa cheupe cha sanda ya mjomba wake kikikatwa namna hiyo, taratibu.

Akatoka nje.

Mlinzi alikuwa langoni. Karatasi za serikali zilimwita Likwela, lakini mtaa mzima ulimwita Papa Lambert. Alikuwa mtu wa Isangi, mpole, mwenye miaka hamsini na kitu. Jembe lake liliegemea ukuta, na udongo mwekundu uliokuwa juu yake ulikuwa bado mbichi. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa hadi kung'aa, na juu ya sikio palikuwa na mkato mdogo wa wembe.

"Papa Lambert, pole na matanga."

"Aksanti," alijibu mzee, kabla hajafikiri.

Meno ya inspekta yakacheza.

"Nani alikufa?"

Mzee alipapasa kipara chake.

"Bibi yako, mama ya batoto?"

"Iko muzima."

"Batoto?"

"Bote biko bazima, Citoyen Inspecteur."

"Alors, ile nywele umenyolea nani?"

Papa Lambert alitazama jembe lake, kisha akakaa chini, pale pale vumbini, kama watu wakaavyo penye msiba.

"Sijue jina yake," alisema. "Kwenye chupa baliandika tu numéro."

Daktari alikuwa ameshatoka nje, na Germaine nyuma yake. Odile alisimama mlangoni.

"Ulikiiba!" Daktari alipaza sauti.

"Sikuiba, Docteur. Nilimuzika. Siku ile ulifika uliniambia, chunga muzuri hii kabati, kuko mufupa ya mutu. Nikakuuliza, balimulilia wapi? Ukacheka." Hakuwa anamlaumu. Alisema tu kama ilivyokuwa. "Siku kumi na saba nimechunga maiti, hata mutu moja haketi naye. Usingizi ilinikimbia."

"Familia yake ilikubali!" alisema daktari. "Kule Ulaya mtu anakufa, ndugu zake wanatoa..."

"Acha aseme," alikata Alfani. Alichuchumaa ili macho yao yalingane. "Papa, hiyo haitoshi. Mutu hahatarishi kazi yake juu ya mutu asiyemujua. Sema yote."

Mzee alipangusa uso kwa mikono miwili.

"Yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, alianguka kwenye baleinière, ile mashua ya mizigo, hapa karibu na bandari. Mayi ilimubeba mpaka Yanonge. Bavuvi ba kule hawakumujua. Hawakujua jina, hawakujua kwabo. Balimuvalisha, bakamuzika, bakanyoa vichwa. Miezi tatu tukimutafuta. Siku tulifika, tulikuta kaburi yake imefagiwa." Alichora mstari vumbini kwa kidole. "Ile deni, ningelipa namna gani? Huyu naye alitoka mbali, peke yake. Nikasema, sasa zamu yangu."

Daktari aliangalia viatu vyake, na ilionekana wazi kwamba anaona aibu.

Odile ndiye aliyesogea mbele. "Docteur, ile mufupa ilikuwa ya mutu?"

"Nilikuambia natoka nao Ubelgiji."

"Ndiyo. Mi nilizani ni ya ngombe." Germaine aliguna. Odile hakucheka. "Ningekuwa nakula na mutu ndani ya kinywa, bila hata kumusalimia. Yangu haifai?"

"Yako ndiyo bora," alikiri daktari. "Naweza kuichonga kidevuni. Lakini kidevu kitakuuma wiki mbili, nilitaka kukuepushia."

"Nimefunika kinywa miaka mine, Docteur. Kesho unichonge."

Inspekta alitoa daftari. Daktari alisema anaondoa mashtaka, mradi mlinzi wake arudi kazini. Kwenye mstari wa mali iliyoibiwa Alfani aliandika: hakuna. Chini yake akaongeza: marehemu mmoja, jina halijulikani, amezikwa na kuliliwa. Kamishna alimwuliza baadaye kama alikuwa amelewa.

Odile alipasuliwa siku iliyofuata. Mwaka ulipotimia, daktari alirudi kwa likizo, akamwekea skurubu na meno, na Papa Lambert akawaita wote nyuma ya nyumba yake kuondoa matanga. Pale alipozika chupa palikuwa pamefagiwa, na kijiwe cheupe kimewekwa kichwani. Walikula samaki, pondu ya majani ya muhogo, na mahindi ya kuchoma.

Odile alichukua hindi zima. Aliling'ata kwa upande wa kushoto, akatafuna, na punje zikalia chini ya meno mapya. Watu waliacha kula wakimtazama, naye akaangua kicheko kwa kinywa kizima, mikono yote miwili imeshika hindi.

Papa Lambert, ambaye nywele zake zilikuwa zimeota tena, alilia bila kujificha.

Inspekta Alfani alikuwa amelikataa hindi lake kwa sababu anazozijua yeye. Alimvuta Odile pembeni, ulimi ukigusa meno yake ya bandia.

"Niambie kweli, Mwalimu. Kidevu iliuma wiki mbili tu?"

"Tatu," alisema Odile, akimpa nusu ya hindi. "Docteur iko pale. Enda umuulize kabla ndege yake haijaondoka."