Kidirisha Kilichoniita

Jua lilikuwa linazama mke wangu aliponituma balbu ya jikoni. Duka la vifaa liko mtaa wa pili, mwendo wa dakika tano. Nilienda na ndala.

Kazi yangu ni kutengeneza wijeti, vile vijidude vinavyobandikwa kwenye tovuti za watu: saa, kalenda, kisanduku cha maoni. Nafanya na binamu yangu. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, mama akamlea pamoja nami, kitanda kimoja, sahani moja. Kilichotulisha zaidi ni kidirisha cha kuhesabu wageni. Ukifungua tovuti ya mtu, kinakuambia: watu wanne wanaangalia ukurasa huu. Tovuti mia mbili zilikuwa nacho. Kidude hakizidi ukubwa wa ukucha, lakini ndicho kilichonijengea nyumba.

Mwenye duka alikuwa mteja wetu wa kwanza. Ananijua miaka saba, na hanisalimu bila kukitania kitambi changu.

Jioni ile alinitazama tu.

"Karibu. Nikusaidie nini?"

"Leo umeninunia?"

"Samahani, tunafahamiana?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akafungua tovuti yake kwenye simu atafute bei ya balbu.

Nyuma ya sikio langu, mtu akaniita.

Sauti ya chini... kavu... na harufu ya nywele zilizoungua. Iliita jina langu, kisha jina la mama. Si lile la kwenye kitambulisho. Lile la utotoni, ambalo tangu afariki tulibaki mimi na binamu tu tunaolijua. Niligeuka. Hakukuwa na mtu.

Ukurasa wa mwenye duka ulikwama. Akaufungua upya.

Nikaitwa tena.

Balbu niliiacha palepale. Njiani niliitwa mara sita, saba, huku na kule, nisione anayeita. Ukiitwa na usiyemwona usiitike, ndivyo tulivyofundishwa. Nikauma meno, nikaongeza mwendo, ndala moja ikabaki barabarani.

Nyumbani nilipitiliza hadi chumba cha kazi, nikafungua msimbo wa kidirisha, yale maagizo yanayokiendesha. Msimbo wa namna hiyo mtu yeyote anaweza kuusoma. Kuubadilisha ndiko kunakohitaji nywila. Miezi ya karibuni nilikuwa nimemwachia binamu aushughulikie. Mwisho wa faili palikuwa na mistari mitatu ambayo sikuiandika mimi.

Kutoka: jina langu, mtoto wa mama yangu.

Kwenda: jina la binamu, mtoto wa mama yangu.

Zimebaki: 214.

Ndivyo tunavyohamisha mafaili kila siku. Kutoka hapa, kwenda pale. Kila aliyefungua tovuti yoyote kati ya zile mia mbili, popote alipo, alikuwa ananisoma mara moja bila kujua.

209.

203.

Nikajaribu kufuta. Nywila ilikuwa imebadilishwa. Nikampigia binamu, akapokea hata kabla simu haijaita vizuri.

"Umeona," akanong'ona.

"Nani kakufundisha haya?"

"Kuna mzee. Alitaka jina lisomwe mara milioni. Kwa mdomo ningemaliza lini? Nikamwambia sisi tuna kidirisha."

"Mama alikulea."

"Alinilea. Ila wageni wakija, wewe alikuita 'mwanangu'. Mimi aliniita 'mtoto wa marehemu kaka yangu'. Miaka yote, ndugu yangu. Hata siku anakufa."

Iliniuma kuliko nilivyoogopa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi hata nguo nilivaa naye kwa zamu.

"Nipo njiani," akasema. "Narudi nyumbani."

Hakusema nakuja kwako.

88... 71... Nje ya dirisha sauti zilikuwa zinaniita kama zinagombania. Harufu ya nywele ilijaa chumbani hadi nikakohoa. Kisha nikakumbuka kitu kimoja alichokisahau: seva, ile kompyuta inayoviendesha vidirisha vyote, ilisajiliwa kwa jina langu. Naweza kuizima yote. Ni kuua biashara, wateja wote mia mbili kwa mpigo, miaka saba ya jasho. Sikufikiria mara mbili.

12... 5... 2...

Nikaizima.

1.

Ikasimama. Sauti nazo zikakoma.

Sasa, sisi watu wa kazi hii tuna ugonjwa mmoja. Ukirekebisha kitu, mkono hautulii mpaka ufungue ukurasa upya uone kama kimekubali. Na seva ukiizima, inachukua dakika nzima kuzimika kweli. Hilo nalijua. Wateja wangu nimewaimbia miaka yote: subiri dakika moja.

Nikafungua upya.

Nikaitwa mara ya mwisho, na safari hii sauti ilikuwa yangu.

Nilipotokea sebuleni, binamu alikuwa ameketi kwenye kiti changu. Mke wangu akavuta mtandio kichwani, kama afanyavyo mbele ya wageni.

"Karibu, shemeji," akasema. "Sikukusikia ukiingia."

Nikamwita kwa lile jina ninalomwita tukiwa wawili tu. Akashtuka, akamtazama mumewe. Binamu hakuinua macho. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini kwenye kile kiti hakuinuka.

Siku hizi naishi chumba alichokuwa amepanga yeye. Watu wananiita kwa jina lake, nami naitika, nifanyeje. Wijeti bado najua kutengeneza. Nimeunda nyingine kimyakimya, na wateja wa kuibandika nimeshawapata. Kwenye "kutoka" nimeshajaza jina la binamu. Kwenye "kwenda" natakiwa kuandika jina langu, kisha la mama.

La mama nalikumbuka vizuri. Huu ni mwezi wa nne nimekaa mbele ya mstari ule, usiku na mchana, na langu silikumbuki.