Kahawa Iliyonuka Kanyakine

"Ni huyu! Huyu mwanamke ndiye anaozesha kahawa yetu... makusudi!"

Kidole kilichomwelekea Makandi hakikuwa cha adui.

Kilikuwa cha Riungu, shemeji yake. Ndugu ya bwanake, tumbo moja! Jana yake tu alikula kwa Makandi, na akaongezwa.

Wasee, huyu Makandi ndiye nyanya yangu. Na hiki kilikuwa kiwanda cha kahawa cha Kanyakine, enzi za Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, wakati neno "makusudi" lilitosha kukupeleka kizuizini bila kuonana na hakimu.

Kaberia, mkuu wa homgadi, wale askari wa mkoloni waliowinda wapiganaji wa msituni, alimwekea mtutu wa bunduki kifuani.

"Kahawa yetu imerudishwa kutoka Nairobi. Inanuka kama mzoga! Watu wa msituni wamekupa nini?"

"Wangenipa kitu, si ningekuwa na viatu?"

Wanawake wa meza ya kuchagua matunda ya kahawa waliinamisha vichwa. Hakuna aliyecheka.

"Wewe ndiye mkubwa wa meza hii. Mbovu inapita kwako!"

"Bwana mkubwa, unauliza ni nani. Uliza kwanza inaanza kunuka wapi. Kunipiga utanipiga tu, sina mabawa."

Kaberia akatema mate. Lakini naye alikuwa na shamba la kahawa, kubwa kushinda yote, na mavuno yake yalikuwa ndani ya magunia yale yale.

"Harakisha!"

Makandi akachota kahawa kila mahali inapopita pale kiwandani, kila mahali na kibuyu chake. Mezani. Kwenye mashine ya kumenya. Kisha kwenye tangi, kahawa iliyomenywa inapolazwa mpaka ute ulegee ndipo ioshwe.

"Nusa."

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa mwenye pua kubwa?"

Aki nyanya! Mtutu bado uko kifuani!

Kaberia akanusa kibuyu cha meza. Safi. Cha mashine, safi.

Cha tangi... akarudi nyuma huku anakohoa.

Sasa macho yote yalimgeukia Riungu. Tangi na kuosha, hiyo ilikuwa kazi yake.

"Shemeji yangu mpendwa," Makandi akasema polepole, "kwa nini hii inanuka?"

"Imelala sana."

"Kwa nini ilale sana?"

"Haikuoshwa kwa wakati."

"Kwa nini?"

"Maji... asubuhi yanakuja, ya mashine yanatosha. Wakati wa kuosha mfereji unakauka."

"Kwa nini unakauka?"

Riungu akaitazama bunduki.

Hapo Makandi akaelewa kila kitu. Shemeji hakumchukia. Alipima tu ni nani wa kuogopwa kati ya mke wa ndugu yake na mwenye bunduki... akamuuza yule asiye na risasi.

Angeweza kukomea hapo. Riungu abebwe, yeye arudi nyumbani akapike.

Lakini angekuja muoshaji mwingine, mfereji ubaki mkavu, kahawa inuke tena, na kidole kitafute kifua kingine.

"Mfereji umepindwa kule juu, tunaokwenda kuni tunauona," akasema. "Asubuhi ikipita, maji yanaenda kambini kwako, bwana mkubwa. Ndiyo mnayokandia matope ya kuta zenu."



Kaberia akanusa tena kile kibuyu. Akashusha bunduki.

"Kumbe."

Wanawake wakashusha pumzi.

"Maji yatarudi hapa leo," akasema.

"Asante, bwana mkub..."

"Wewe hutarudi."

Homgadi wakampakia kwenye lori la kizuizini na aproni yake ya kazi. Kosa? Kutukana serikali!

Msimu uliofuata kahawa ya kiwanda kile ilipita bila gunia hata moja kurudi. Kaberia akapigiwa makofi barazani kwa "uongozi bora". Na kiti cha Makandi pale mezani? Akapewa Riungu!

Emajensi ilipoisha, nyanya alirudi na mvi kichwa kizima. Riungu akamletea kahawa ya kuomba msamaha.

Akaipokea... akainusa kwanza, mbele yake!

Siku hizi mnaingia semina za hoteli kufundishwa ubora wa kazi, na chai ya saa nne juu. Nyanya angewaambia bure: kazi ikiharibika, usikimbilie kuuliza ni nani. Uliza ilianzia wapi, halafu uliza kwa nini mpaka jibu liishe.

Na jibu likifika kwa mkubwa, wasee, angalieni kwanza ameshika nini mkononi.

Nyanya aliangalia. Akasema tu.