Daftari la Wapiga Kelele

Kulthumu Awadhi alifika shuleni mapema kila siku, kabla ya kengele. Alifungua madirisha ya darasa la sita, akafuta ubao na kupanga chaki. Kisha alitoa mkobani daftari dogo lenye jalada jekundu, akaliweka juu ya meza ya mwalimu mahali ambapo kila anayeingia angeliona. Lilikuwa daftari la wapiga kelele, na Kulthumu ndiye aliyekuwa kiranja.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mwalimu Domitila alipokwenda ofisini, Kulthumu alisimama mbele na kuandika majina ya waliozungumza. Mwalimu aliporudi aliyasoma, wenye majina wakatoka mbele, kila mmoja akapata fimbo mbili za kiganja. Kulthumu mwenyewe hakuwahi kumpiga mtu, na jambo hilo alijivunia. Katili aliyemjua yeye alikuwa kaka yake Ashraf, aliyemfinya wakigombea ndoo.

Ulikuwa mwezi wa Oktoba, msimu wa korosho, na kijiji kizima cha Mandawa kilinukia mabibo, matunda ya mkorosho. Wanafunzi walioandikwa walijua la kufanya. Mabibo matatu mazuri yalifuta jina. Korosho za kubanika zililifuta haraka zaidi. Tabitha, ambaye hata usingizini alizungumza, hakuchapwa mwezi mzima kwa sababu bibi yake alikuwa fundi wa kashata za ufuta.

Hata hivyo, daftari tupu nalo lilikuwa na matatizo yake. Siku moja Kulthumu alimpa mwalimu ukurasa mweupe. Mwalimu akamtazama juu ya miwani.

"Darasa zima lilinyamaza? Kumbe nafundisha malaika?"

Tangu siku hiyo Kulthumu alihakikisha kwamba kila ukurasa una jina angalau moja. Mara nyingi jina hilo lilikuwa Miriam Ngolo.

Miriam alihamia hapo Januari. Wazazi wake walikuwa wafugaji waliotoka upande wa Ziwa Victoria, na kambi yao ilikuwa porini, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Hawakuwa na mkorosho hata mmoja. Siku moja alileta maziwa ya mgando kwenye chupa, watoto wakaziba pua na Kulthumu akakataa kuyapokea. Obadia, aliyekaa nyuma ya Miriam, alipenda kuigiza matamshi yake ya Kisukuma, kwa hiyo Miriam akazoea kukaa kimya. Alipoitwa alitoka, akanyoosha mkono, akarudi kukaa. Mnyonge hana haki, watu husema, na wakishasema huendelea na shughuli zao.

Jumatatu moja, katika somo la uraia, Mwalimu Domitila aliandika ubaoni: *Ukatili ni nini?*

"Ni majambazi, Mwalimu," alisema Obadia.

"Ni vita," alisema Tabitha. "Kama ile bibi aliyoikimbia kule Msumbiji."

Mwingine akataja mlevi anayempiga mkewe. Mwalimu aliandika yote. Kisha Miriam akanyoosha mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka uanze.

"Kuandikwa jina," alisema.

Darasa likacheka. Kulthumu naye alicheka.

"Jibu swali nililouliza, Miriam," alisema mwalimu bila ukali. "Haya, kaa chini."

Alhamisi mwalimu alikwenda ofisini, akarudi, akafungua daftari jekundu.

"Miriam Ngolo."

Hakuna aliyetoka.

"Miriam hayupo, Mwalimu," alisema Obadia. "Hajaja tangu Jumanne."

Mwalimu alimgeukia Kulthumu. "Alipigia kelele wapi?"

Kulthumu alitazama nafasi ya Miriam, ilikuwa tupu. Alikuwa ameandika jina lile bila hata kuinua macho. Mwalimu alianza kufunua kurasa, kwanza upesi, kisha polepole. Miriam alikuwepo karibu kila ukurasa. Majina mengine yalikuwa yamefutwa kwa kifutio hadi karatasi ikatoboka.

Kulthumu alinyoosha kiganja bila kuambiwa. Mwalimu alikitazama, akaiweka fimbo mezani.

"Baada ya masomo utanisindikiza kwa kina Miriam," alisema.

Walimkuta Miriam akichunga ndama pembeni ya kambi. Alipowaona aliwapa mgongo. Baba yake, mzee Ngolo, aliwaletea vigoda na kuwakaribisha. Baada ya salamu Mwalimu Domitila alisema wamekuja kujua kwa nini Miriam haji shuleni.

"Nimemwachisha," alisema mzee Ngolo. "Mwalimu, mimi ndama nawachapa. Ila ndama nikimchapa anajua kosa lake, ameingia kwenye ufuta wa watu. Huyu kila wiki anarudi viganja vimevimba. Namuuliza kosa, hajui. Sasa niambie wewe. Kosa lake ni nini?"

Mwalimu alimtazama Kulthumu, na mzee naye akamtazama. Miriam aliacha ndama wake, akasogea hatua chache. Kulthumu aliona wazi kwamba akisema uongo, kesho na keshokutwa Miriam atakuwa hapa hapa na ndama. Akisema kweli, shule nzima itajua yeye ni mtu wa namna gani. Aliona aibu, na aliogopa.

"Hana kosa, baba," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namwandika."

"Kwa nini?"

"Wenzake walikuwa wananiletea vitu ili niwafute. Mwalimu akitaka majina, nikawa namwandika yeye. Kwa sababu hasemi."

Ng'ombe mmoja alilia zizini.

"Umesema mwenyewe, bila kuchapwa," alisema mzee Ngolo. Akamgeukia binti yake. "Umesikia. Unataka kurudi?"

"Nikirudi, nani atakuwa anaandika?" aliuliza Miriam.

"Hakuna atakayeandika," alijibu Mwalimu Domitila. "Nami sitampiga mtu tena kwa sababu ya jina la karatasini. Nisamehe, mwanangu. Uliniambia Jumatatu, mimi nikakukalisha."

"Nisamehe na mimi," alisema Kulthumu.

Miriam alimrudia ndama wake. Alisema tu kwamba Jumatatu atakuja, kwa kuwa kesho ni zamu yake ya maji.

Jumatatu alikuja. Kulthumu alisimama mbele ya darasa akaeleza yote, mabibo, korosho na kashata, na hakuna aliyecheka, maana wengi walikuwa wametoa. Tabitha aliinamisha kichwa mpaka alipomaliza. Ukiranja alinyang'anywa, ikawa kazi ya zamu, bila daftari. Kuanzia hapo mwalimu akienda ofisini aliacha kazi ubaoni, na akirudi alisahihisha kazi badala ya kusoma majina. Kelele zilipungua kidogo tu, si sana.

Siku hiyo hiyo Mwalimu Domitila aliandika tena ubaoni: *Ukatili ni nini?* Chini yake, kabla ya majambazi na vita, akaandika: *Kuandikwa jina bila kosa.* Pembeni akaongeza jina la mwenye jibu: *Miriam Ngolo*.

"Hili ni jibu la Miriam," alisema. "Sote tulilicheka, kwa sababu tulidhani ukatili unakaa mbali, Msumbiji au kwa majambazi. Kulthumu hakushika fimbo, kwa hiyo alijiona mwema. Mimi sikuandika jina, kwa hiyo nilijiona ninatenda haki. Nyinyi mlitoa korosho mkaona mmejiokoa. Kila mmoja wetu alichangia kidogo, na yote yakaishia kwenye kiganja cha mtu mmoja. Mkitaka kujua ukatili ni nini, muulizeni kwanza anayeumia, na akijibu, msimkalishe chini."

Kisha akawaambia wanakili.

Kulthumu alinakili jibu lile kwa mwandiko wake mzuri. Alipofika kwenye jina la Miriam, kalamu ilisita. Alitazama dawati la pili. Miriam naye alikuwa amegeuka, akimwangalia.

"Andika," alisema Miriam. "Hilo ni langu."