Mkono wa Silvester

Kila asubuhi, kabla ya kubeba nyanya kwenda kuuza barabarani, Yusta alichemsha maji. Alichovya kitambaa, akamkanda mumewe Silvester mkono wa kulia.

"Taratibu, Mama Anjela!"

"Vumilia. Ni damu imevilia tu."

Mwaka ulikuwa umepita tangu Silvester ajikate kifundo cha mkono kwa msumeno, akitengeneza maboksi ya nyanya hapo Ilula. Kidonda kilipona. Lakini mkono uliwaka moto hata ukiguswa na shati. Kanisani, watu walipopeana mikono ya amani, yeye aliuficha wake mfukoni. Wakasema anaringa. Na Yusta, ukweli usemwe, alianza kudhani mumewe anakwepa jembe.

Daktari mmoja aliwaeleza kuwa Mbeya kuna watafiti wanaochunguza maumivu ya namna hiyo kwa mashine ya kupiga picha. Yusta alifurahi. Sasa picha itasema ukweli!

Huko Mbeya, Silvester alilazwa ndani ya mashine kubwa. Walimpapasa mkono kwa brashi laini, huku mashine ikipiga picha za ubongo.

Yusta alimwahi muuguzi, Asukile. "Nesi, picha inasemaje? Anaumwa kweli?"

Asukile alimvutia kiti.

"Mama, tunalinganisha picha za watu wengi ili tujifunze. Picha hizi hazipimi maumivu ya mtu mmoja. Mumeo tulimwamini alipotueleza."

"Lakini kidonda si kimepona?"

"Ngozi imepona. Mshipa wa fahamu ukiumia, unaweza kuendelea kupeleka taarifa za maumivu, na ubongo ukazidi kuwa mwepesi kuzipokea. Nyumbani mnamfanyia nini?"

"Namkanda. Maji ya moto."

"Acha kabisa, mama. Daktari atampa dawa za mishipa ya fahamu. Na mazoezi: ajiguse mwenyewe kwa pamba, kidogo kidogo, kisha kwa kitambaa."

Yusta aliona aibu. Basi la kurudi lilipofika Chimala, ndipo alipopata sauti.

"Baba Anjela, nisamehe. Nilitaka mashine iniambie ulichoniambia wewe mwaka mzima."

Machozi yalimlengalenga Silvester.

Miezi minne ilipita. Maumivu hayakuisha, ila yalipungua. Shati la mikono mirefu likavalika. Jumapili moja, wakati wa kupeana amani, Yusta alinyoosha mkono wa kushoto, kama walivyozoea sasa. Silvester akatikisa kichwa, akatoa wa kulia.

Yusta hakuushika. Alifungua kiganja chake, akangoja. Mkono wa mumewe ukatua wenyewe.