Kidole cha Anshel

Kila siku ya Purimu, sikukuu ya Wayahudi, Bluma na bibi yake, Tauba, walishinda jikoni wakikunja vibiskuti vya pembe tatu. Jioni walivaa makoti wakaenda sinagogi huku mvua ya Manchester ikiwamwagikia. Wote wawili walikuwa viziwi. Walizungumza kwa mikono, hata ikiwa imejaa unga.

Sinagogini husomwa gombo la Kitabu cha Esta. Kila anapotajwa Hamani, yule mwovu aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, watu huzungusha makayamba ya mbao na kupiga miguu mpaka jina lake limezwe. Bluma hakulisikia jina hilo. Alimtegemea binamu yake Anshel: akimgusa goti, naye anazungusha.

Mwaka huo Anshel alikaa na wenzake wawili. Bluma aliwaona wakiziba midomo kwa viganja, akadhani ni raha ya sikukuu. Mara akaguswa goti. Akasimama, akazungusha kwa nguvu zake zote.

Kumbe aliyetajwa ni Mordekai, shujaa mwenyewe! Ukumbi ulikuwa kimya kama kaburi, kisha ukapasuka kwa kicheko. Bluma aliona vinywa wazi na mabega yakitikisika. Akaamini wanamzomea Hamani pamoja naye. Akaongeza kasi, akapiga na miguu, uso umemchanua kwa furaha.

Bwana Lipkin, msimamizi wa sinagogi, alimpokonya kayamba akamsukuma mpaka mlangoni, penye vigari vya watoto wachanga.

"Amesema nini?" Bluma alimuuliza kwa mikono mama yake, aliyewafuata na asiye kiziwi. "Niambie yote."

Mama alimjibu kwa mikono. "Amesema mwakani ukae hapa na wachanga. Eti husikii kitu, utapungukiwa nini?"

Bibi Tauba aliyaona yote, akasema kwa mikono: "Nilipokuwa na umri wako, walimu walinifunga mikono kwa nyuma ili nijifunze kusema 'kama watu'. Kamba ile naikumbuka mpaka leo. Na wazee wa sheria wa zamani waliwatia kiziwi, mwendawazimu na mtoto mdogo katika kapu moja. Leo wanaturudisha kapuni? Thubutu!"

Gombo husomwa tena asubuhi. Bibi alimvaa Rabi Dvora, mwalimu wa sinagogi, usiku uleule, akamweleza yote, mama akitafsiri. Kulipokucha, Bibi alisimama kando ya gombo, tayari kufuata kidole cha Rabi mstari kwa mstari na kuyageuza maneno kuwa ishara.

"Atatuchelewesha!" Bwana Lipkin alilalamika.

"Basi tutachelewa," Rabi alisema. "Anshel, njoo. Jana ulimgusa makusudi?"

"Ulikuwa utani tu, Rabi."

"Utani? Yeye alicheka?"

Anshel akainama. Rabi akamvika vizibamasikio vikubwa vya mafundi wa kutoboa kuta, akampa kayamba na kumketisha kando ya Bluma. "Msubiri akuguse."

Alipotajwa Mordekai, Bluma aliinua kidole. Anshel akafumba macho, jasho likimtoka. Wenzake wa jana walikuwa wameshaanza kucheka. Bluma alikiacha kidole hewani kwa muda mrefu, kisha akakishusha pajani pake mwenyewe.

Mikono ya Bibi ikamtaja Hamani. Bluma alikuwa wa kwanza kupiga miguu. Sakafu nzima ikatetemeka, Anshel bado amefumba macho akingoja kuguswa. Alipoyafumbua, kelele zilikuwa zimekwisha.

Baadaye alivua vile vidude, macho mekundu. "Mbona hukunigusa?" alimuuliza Bluma.

Bibi alimjibu kwa mikono, mama akimsemea. "Wewe umekaa hivyo asubuhi moja tu, na tayari unalia. Sikia, mwanangu. Uliaminiwa, ukaigeuza imani kuwa mchezo. Huo ni uongo hata kama hukufungua mdomo. Lakini kosa si lako peke yako. Sikukuu ya mtu haitundikwi kwenye kidole cha mwenzake, kiwe kizuri au kibaya. Watu wazima tungeweka ishara mbele ya wote tangu zamani, usingekuwa na cha kumfanyia."

Anshel alimwomba Bluma radhi. Rabi akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna gombo litakalosomwa bila mikono mbele.

Bwana Lipkin alimrudishia Bluma kayamba lake, macho yake yakiangalia ukutani. Hakuomba radhi. Bibi Tauba akaliweka hilo moyoni pamoja na ile kamba.